Thogoto, 1929 na makanisa mawili: jibu kwa mshirika wa PCEA

Swali: "Mimi ni mshirika wa PCEA (Presbyterian Church of East Africa), Kiambu. Upande wa mama tumekuwa PCEA tangu zamani, lakini upande wa baba ni AIPCA (African Independent Pentecostal Church of Africa). Kwenye kikao cha ruracio (mahari), mzee mmoja wa upande wa baba alisema PCEA ni kanisa la Wazungu ambalo Waskoti walituachia walipoondoka, na kwamba kanisa la Mwafrika ni lile lililojitenga mwaka wa 1929. Sikuwa na la kumjibu. Je, alisema kweli? Misheni ya Waskoti ilizaaje kanisa la Kiafrika? Na baba ya babu yangu, ambaye nyumbani husemekana alibatizwa Thogoto kabla ya watu kutoka, naweza kumtafuta wapi kwenye kumbukumbu?"

Ndugu yangu, mzee wako ameshika nusu ya ukweli, na nusu hiyo ni nzito, kwa hiyo usimbeze. Waliotoka mwaka wa 1929, katika mgogoro wa tohara ya wasichana nitakaoueleza hapa chini, walijenga shule na makanisa kwa mikono na pesa zao, bila misheni yoyote nyuma yao. Anapokosea ni kudhani kwamba waliobaki walikaa tu chini ya Mzungu wakingoja siku ya kukabidhiwa funguo. Nijuavyo mimi historia hii, misheni moja ilizaa makanisa mawili ya Kiafrika, na ugomvi uliolizaa lile la upande wa baba yako ndio uliolilazimisha la upande wa mama yako kukomaa. Ukilisoma moja bila la pili hutayaelewa yote mawili.

Tuanze mwanzo, maana mwanzo wenyewe unampa mzee wako sababu ya kusema alivyosema. Misheni hii ilianzishwa na wafanyabiashara. Mwaka wa 1891 wakurugenzi wa Kampuni ya Kibeberu ya Uingereza ya Afrika Mashariki, William Mackinnon akiwa mbele, walichanga pesa za kuanzisha misheni ya Kiskoti ndani ya eneo la kampuni yao. Wakamwomba Dkt. James Stewart, mkuu wa chuo cha misheni cha Lovedale kule Afrika Kusini, aongoze msafara. Wakapiga kambi Kibwezi, Ukambani. Kibwezi ikawashinda: homa iliwaua wamisionari kadhaa, na mwaka wa 1898 Thomas Watson akaihamishia misheni kwenye nyanda za juu za Kikuyu, mahali ambapo leo tunapaita Thogoto. Walifika wakati wa njaa kuu na ndui. Watu wa kwanza kukaa karibu na misheni walikuwa wenye njaa, wagonjwa na mayatima. Watson mwenyewe alikufa mwaka wa 1900, na mkewe Minnie, waliyekuwa wameoana mwaka mmoja tu kabla, akabaki na kuendeleza shule hadi 1931.

Kanisa la Scotland lilipokea misheni hiyo rasmi mwaka wa 1901 na kumleta David Clement Scott, aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi Blantyre, Nyasaland (Malawi ya leo). Kule Blantyre, Scott alikuwa ameweka mashemasi saba Waafrika mwaka wa 1894, jambo lililowakera Wazungu wengi waliodhani ni mapema mno. Hapa kwetu jina lake limeshikana zaidi na ardhi. Aliipatia misheni shamba la ekari 3,000 hivi akiamini kwamba kilimo na ufundi vingejenga jamii ya Kikristo. Ekari hizo zilitoka katika nchi ya watu waliokuwa na mbari (koo), mipaka na makaburi. Deni hilo lilibaki kwenye hesabu, na lilikuja kudaiwa mwaka wa 1929 pamoja na mengine.

Kwa karibu miaka kumi ya kwanza hakukuwa na kanisa la kuzungumzia, kulikuwa na kituo tu. Watu walikuja kwa dawa, kazi, nguo au kwa udadisi, kisha wakarudi makwao. Mambo yaligeuka pale vijana walipoanza kusoma na kisha kutoka kwenda kufundisha wengine. Watu waliwaita athomi, wasomaji, na ukitaka kujua ni nani hasa aliyelieneza kanisa hili, jibu ni hao. Thogoto ilikuwa kituo kimoja, Tumutumu huko Nyeri kikaanzishwa karibu na 1908, na Chogoria upande wa Mwimbi kilimpata daktari wake wa kudumu, Clive Irvine, mwaka wa 1922. Lakini Chogoria ilikuwa na walimu Waafrika waliotoka Kikuyu kabla Irvine hajafungua sanduku lake la dawa. Kati ya vituo hivyo vitatu kulitanda shule ndogondogo za vijijini, kila moja na mwalimu kijana aliyelipwa kidogo, aliyefundisha kusoma siku za juma na kuhubiri Jumapili. Mmisionari alipita mara chache kukagua na kubatiza. Aliyekesha na mgonjwa, aliyebishana na wazee wa kijiji kuhusu mazishi, aliyemwombea mwanamke aliyefiwa, alikuwa yule mwalimu.

Narudia jambo hili kwa sababu historia nyingi za misheni huandikwa kutokana na ripoti, na ripoti ziliandikwa na Waskoti kwenda Edinburgh. Mtu anayeandika ripoti hujiona yeye katikati. Ukisoma ripoti hizo kwa makini, hata hivyo, utakuta shule mpya "imefunguliwa" mahali ambapo mwandishi hakuwa amefika, na waumini "wamepatikana" kabla ya yeye kwenda. Nani aliifungua? Nani aliwapata?

Jambo la pili ni mfumo wa uongozi. Upresbiteri haumpi askofu mamlaka, unawapa wazee. Kanisa la mahali huongozwa na baraza la wazee waliochaguliwa na washirika na kuwekwa wakfu, mchungaji akiwa mwenyekiti wao. Juu ya hilo kuna Presbiteri, na juu kabisa Baraza Kuu, na katika kila ngazi wazee na wachungaji hukaa pamoja na kupiga kura sawa. Sasa fikiria mfumo huo ukiingia katika nchi ambayo tayari iliongozwa na kiama cha wazee, nchi isiyokuwa na mfalme, iliyoamua kesi kwa kukaa chini na kusikilizana hadi neno lipatikane. Mwafrika wa Kikuyu hakuhitaji kufundishwa maana ya mzee wa baraza. Alihitaji tu kuambiwa kwamba hata kijana aliyesoma angeweza kuwa mmoja wao, na hilo ndilo lililowaudhi wazee wa kimila.

Mwaka wa 1920 mabaraza ya kwanza ya wazee yaliundwa Thogoto na Tumutumu, na Presbiteri ikaanzishwa. Kwa macho ya leo hilo linaonekana kama mambo ya makaratasi. Lilikuwa zaidi ya hapo. Kuanzia siku hiyo swali la nani asimamishwe Meza ya Bwana, nani arudishwe, mgogoro wa ndoa uamuliwe vipi, halikuwa tena la mmisionari peke yake. Wazungu waliendelea kuwa na sauti kubwa, hilo halina ubishi, kwani pesa, hospitali na shule vilikuwa chini yao. Lakini wazee walijifunza kufungua kikao, kuandika kumbukumbu, kupinga hoja na kukata rufaa. Mwaka wa 1926 Musa Gitau na wenzake wachache wakawekwa wakfu kuwa wachungaji. Tangu Thogoto ianze ilikuwa imepita miaka 28. Linganisha na Blantyre, iliyoanza 1876 na kumpata mchungaji wake wa kwanza Mwafrika, Harry Kambwiri Matecheta, mwaka wa 1911, miaka 35 baadaye. Linganisha pia na Livingstonia, misheni nyingine ya Kiskoti huko Nyasaland, iliyoanza 1875 ikafika 1914 kabla ya kuwaweka wakfu wachungaji wake watatu wa kwanza. Kote kulikuwa na kuchelewa kusiko na sababu nzuri. Mtu alitakiwa ajithibitishe miaka na miaka kwa kipimo ambacho kijana wa Kiskoti aliyetoka chuo hakupimwa nacho.

Mwaka huohuo wa 1926 likatoka Agano Jipya katika Kigikuyu, kazi ya kamati ya misheni mbalimbali ambayo mmoja wa vinara wake alikuwa Arthur Barlow wa misheni hii, akisaidiana na Waafrika waliokuwa wakimsahihisha usiku na mchana. Agano la Kale lilichelewa hadi 1951. Usipite haraka hapa. Kabla ya 1926 mshirika alitegemea zaidi mhubiri amwambie kilichoandikwa. Baada ya 1926 alikuwa nacho mfukoni, na angeweza kuuliza: ni wapi Paulo anapokataza jambo hili? Ni wapi inapoandikwa kwamba Ibrahimu alikosea kuwa na wake zaidi ya mmoja? Misheni iliwapa watu kitabu kilichoweza kutumika kuipinga misheni, na miaka mitatu baadaye kikatumika hivyo.

Sasa tufike 1929.

Wamisionari wa Thogoto walikuwa wakifundisha dhidi ya tohara ya wasichana tangu 1906 hivi. Madaktari wao, John Arthur na wenzake, waliona wanawake wakiumia na kufa wakati wa kujifungua kutokana na makovu. Nasema wazi: kuhusu madhara yenyewe walikuwa sahihi, na sheria ya Kenya ya mwaka wa 2011 inayokataza ukeketaji inasema jambo hilohilo. Wako pia wazee wa kanisa Waafrika waliolikataa kwa moyo wao wote. Mwezi wa Machi 1929, katika mkutano uliofanyika Tumutumu, wajumbe Waafrika wa makanisa ya misheni mbalimbali walipiga kura kwa wingi wa kutosha kulikataza kwa washirika. Kwa hiyo si kweli kwamba lilikuwa wazo la Wazungu tu.

Lakini angalia lilivyotekelezwa. Arthur alizunguka akihimiza, na kufikia mwezi wa Oktoba watu walitakiwa kutia sahihi au kidole gumba kwenye karatasi. Kwa alama hiyo ya kidole ndipo mgogoro ukaitwa kirore. Katika karatasi hiyo mtu hakukana tohara peke yake. Alitakiwa pia kukana Kikuyu Central Association, chama kilichokuwa kikidai ardhi na kupinga kodi na kipande, kitambulisho ambacho serikali iliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, misheni ilipotenda dhambi. Walichukua Meza ya Bwana, ajira ya mwalimu na kiti cha mtoto shuleni wakavifunga kwenye chama cha siasa. Mtu aliyeweka kidole kwenye kipande akaona ardhi yake imekwenda, sasa anaambiwa aweke kidole tena, kanisani!

Na ni nani aliyekuwa akimwambia? John Arthur alikuwa mmisionari, daktari, na pia mtu aliyeteuliwa na serikali kuwakilisha maslahi ya Waafrika katika Baraza la Kutunga Sheria, na kuanzia 1928 katika Baraza la Utendaji. Kwa muda mrefu alijiona kuwa mtetezi, na mara kadhaa alitetea kweli. Lakini mtu mmoja hawezi kuwa mchungaji wako, mwajiri wako, mwenye shamba na mjumbe wako serikalini, halafu ashangae unapomkataa kwa yote kwa pamoja. Wakikuyu walikuwa na msemo kwa hilo: "Gũtirĩ mũthũngũ na mũbĩa", hakuna tofauti kati ya mlowezi na padri. Wimbo wa Muthirigu ukaimbwa milimani na mabondeni ukiwataja wamisionari na machifu kwa majina, hadi serikali ikaupiga marufuku mwanzoni mwa 1930.

Thogoto ilimwagika. Katika majuma machache sehemu kubwa mno ya washirika na wanafunzi waliondoka. Chogoria nako karibu kila mtu alitoka. Tumutumu ilipoteza wachache zaidi, na hili lafaa kufikiriwa. Huko katazo lilikuwa limejadiliwa na kuamuliwa na baraza la wazee tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920, likazoeleka, likagombaniwa nyumbani kwa nyumbani na Waafrika wenyewe. Halikuonekana kama amri iliyotoka jikoni kwa Mzungu asubuhi moja. Pale wazee walipokuwa wameachiwa kazi yao, kanisa lilisimama. Pale mmisionari alipoenda mbele yao, kanisa lilianguka. Sijui ushahidi ulio wazi kuliko huo kuhusu kile kilichokuwa tayari cha Kiafrika na kile ambacho hakijawa.

Waliotoka waliondoka na nini? Hapa ndipo ningependa umwambie mzee wako jambo atakalolipenda. Waliondoka na Agano Jipya la 1926. Waliondoka na nyimbo walizofundishwa, ratiba ya ibada, kamati ya wazee, daftari la michango, na imani kamili kwamba mtoto lazima asome. Shule za kujitegemea zilikuwa zimeanza hapa na pale hata kabla ya 1929, lakini sasa zikaota kila ukingo. Wengine wakaungana katika KISA (Kikuyu Independent Schools Association), wengine katika Karing'a (Kikuyu Karing'a Educational Association). Walijenga kwa fito, udongo na bati, wakachanga mishahara. Walitaka Kiingereza mapema, maana walishuku kwamba misheni iliwabania elimu.

Tatizo lao kubwa likawa ni nani atakayewabatiza watoto wao. Walimtafuta mtu asiye chini ya misheni, wakampata Askofu Mkuu Daniel William Alexander wa African Orthodox Church kutoka Afrika Kusini. Alikaa Kenya tangu 1935 hadi 1937, akafundisha vijana huko Gituamba na kuwaweka wakfu. Kutoka hapo wakatokea wachungaji wa AIPCA, na Arthur Gathuna akaongoza lile lililokuja kuwa Kanisa la Orthodox Kenya, ambalo mwaka wa 1946 lilipokelewa na Patriaki wa Alexandria. Mwaka wa 1939 Mbiyu wa Koinange akafungua Chuo cha Walimu Githunguri, ambacho baadaye kiliongozwa na Jomo Kenyatta, kijana aliyefika Thogoto mwaka wa 1909 na kubatizwa huko 1914 kwa jina Johnstone. Unaona mambo yalivyofumana? Hata aliyekuwa sauti ya waliojitenga alijifunzia herufi kwa Waskoti. Harry Thuku, mwanasiasa aliyewaongoza Wakikuyu kuipinga serikali ya kikoloni, naye alisomea Kambui, kwa misheni ya Kimarekani ya Gospel Missionary Society, ambayo katikati ya miaka ya 1940 ilijiunga na Wapresbiteri.

Serikali ilipotangaza hali ya hatari mwaka wa 1952, shule hizo zilifungwa, Githunguri ikafungwa, na AIPCA likapigwa marufuku. Lilifufuka baada ya uhuru kwa sababu watu wake hawakuwa wamelisahau. Mzee wako akikumbuka hayo kwa uchungu, ana haki.

Nigeukie upande wa mama yako. Waliobaki baada ya kirore walikuwa wachache na walionekana wasaliti. Hawakuweza kujificha nyuma ya desturi wala nyuma ya umati. Wasichana waliokataa kukeketwa walikuwa katika hali ngumu kuliko wote, kwani walitishiwa kukosa mume na kukataliwa na nyumba zao. Huko Tumutumu walianzisha kundi lao, Ngo ya Tuiritu, Ngao ya Wasichana, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 wakaandikia baraza la wenyeji wakijieleza wenyewe. Wasichana hao wa Kiafrika waliandika barua kwa chombo cha serikali wakitetea miili yao kwa sauti yao wenyewe. Ukiulizwa tena Uafrika wa PCEA uko wapi, anza na hao. Kanisa lenyewe lilichelewa sana kuwalipa wanawake wake heshima waliyostahili: mwanamke wa kwanza kuwekwa wakfu kuwa mchungaji, Nyambura Njoroge, alisubiri hadi 1982.

Misheni nayo ilikuwa imejeruhiwa, na haikuwa na nguvu ya kutoa amri tena. Wazee na wachungaji walioshikilia ndio waliozunguka miaka ya 1930 wakiwarudisha watu mmoja mmoja, wakisuluhisha jamaa zilizogawanyika kama ya kwako. Mamlaka ya kanisa ikahamia kwao kabla katiba haijasema hivyo. Katiba ilifuata nyuma: mwaka wa 1943 Sinodi ikaundwa na jina Presbyterian Church of East Africa likatumika, ila Wazungu wa St. Andrew's Nairobi na walowezi wenzao walikuwa na Presbiteri yao peke yao chini ya Scotland. Yaani kanisa moja la Kristo lilikuwa na milango miwili kwa rangi mbili. Hilo liliisha mwaka wa 1956 walipounganishwa katika Baraza Kuu moja, tena katikati ya hali ya hatari, wakati Wakikuyu waliobaki PCEA walikuwa wakiuawa kwa kukataa kiapo cha Mau Mau na wengine wakifungwa kwa kushukiwa wamekula. Mwaka wa 1961 Charles Muhoro Kareri, mtu wa Tumutumu aliyefanya kazi kubwa katika tafsiri ya Biblia ya Kigikuyu, akawa moderata (mkuu wa kanisa) wa kwanza Mwafrika. Mwaka wa 1964 John Gatu akawa Katibu Mkuu.

Gatu ndiye jibu lako la haraka zaidi kwa mzee. Mwezi wa Oktoba 1971, akiwa Milwaukee, Marekani, mbele ya Wakristo wa Reformed Church waliokusanyika kusherehekea kazi ya misheni, aliwaambia wamisionari waondolewe Afrika kwa muda usiopungua miaka mitano, na pesa za nje zisitishwe, ili makanisa yajipate. Wengi walikasirika, wengine walilia. Mwaka wa 1974 mkutano wa Makanisa ya Afrika Yote huko Lusaka uliunga mkono wito huo. Haukutekelezwa kikamilifu mahali popote, na hata PCEA iliendelea kupokea wageni, lakini ndani ya kanisa lake neno Jitegemea likawa wito wa kila parokia, na makanisa ya mawe unayoyaona leo kuanzia Kiambu hadi Laikipia mengi yamejengwa kwa harambee za washirika wenyewe. Mtu aliyeachiwa kanisa na Wazungu hasimami mbele yao kuwaomba wakae nyumbani. Na ukimsikiliza Gatu vizuri, utasikia madai yaleyale ya waliotoka mwaka wa 1929, yakisemwa zaidi ya miaka 40 baadaye na kiongozi wa wale waliobaki.

Usidhani ni mambo ya Kikuyu pekee. Afrika Kusini, Pambani Mzimba, mchungaji wa kanisa la Lovedale, aliwaacha Waskoti mwaka wa 1898 na kuanzisha Presbyterian Church of Africa. Ndipo mwaka wa 1923, misheni ikaunda Bantu Presbyterian Church kwa washirika Waafrika waliobaki. Nyasaland, Livingstonia na Blantyre ziliungana mwaka wa 1924 kuwa CCAP (Church of Central Africa Presbyterian), na mwaka wa 1933 Yesaya Zerenji Mwasi, mmoja wa wale watatu wa kwanza wa Livingstonia, akatoka kuanzisha kanisa lake. Kila mahali mlolongo unabadilika, lakini wawili hao huzaliwa karibu karibu: aliyetoka na aliyebaki, wote wakitumia Biblia ileile na baraza lilelile la wazee. Sababu iko katika Upresbiteri wenyewe. Ukiwafundisha watu kwamba mzee aliyechaguliwa ana sauti sawa na mchungaji, kisha ukawanyima sauti hiyo kwa sababu ya rangi, umewapa hoja na umewapa pia chombo cha kuitekeleza.

Kwa hiyo mjibu mzee kwa heshima. Mwambie hakuna aliyewaachia upande wa mama yako kanisa, na upande wa baba yako haukuanza na mikono mitupu. Kama ana nafasi, muulize nyimbo walizoimba utotoni, na kama atakuimbia, sikiliza ni ngapi unazijua.

Sasa baba ya babu yako. Anza Thogoto penyewe, katika ofisi ya parokia, na uombe kuona daftari la ubatizo la miaka ya kabla ya 1930. Nenda ukiwa na jina lake la Kikuyu, jina la baba yake, mbari na kijiji. Jina la ubatizo pekee halitakusaidia, maana kulikuwa na akina Yohana, Petero na Daudi wengi mno. Ukimpata, angalia pembeni ya mstari wake kama kuna maandishi ya kusimamishwa au kurudishwa, kisha uombe kumbukumbu za baraza la wazee za 1929 na 1930. Makao makuu ya PCEA Nairobi nayo waweza kuyaandikia uulize kuhusu nyaraka za zamani. Hifadhi ya Taifa ya Kenya, Nairobi, ina majalada ya wakuu wa wilaya ya Kiambu kuhusu Kikuyu Central Association na shule za kujitegemea, ambamo majina ya walimu na wanakamati hutajwa. Kama alikuwa mwalimu au mzee, huenda akatajwa katika barua za misheni zilizohifadhiwa Maktaba ya Taifa ya Scotland, Edinburgh. Na Chuo Kikuu cha Edinburgh kinatunza karatasi za Arthur. Waandikie ukiwapa jina, kituo na miaka. Na kabla ya yote hayo, kaeni na mzee huyohuyo wa ruracio, umwombe akutajie kamati ya shule yao ya kwanza ilikuwa na akina nani. Majina mengine hayajaandikwa popote, na yeye anaweza kuwa wa mwisho anayeyajua.